Nakupa Mji

Mchezo wa kugombea miji ya nyotani waliubuni pamoja, Mwanahawa na rafiki yake Chande, juu ya boksi lililokunjuliwa, kwa vifungo vya mashati. Leo Chande kauleta ndani ya simu, na mwanzoni limeandikwa jina lake peke yake.

"Jaribu, dada. Adui wako ni mashine."

Zamu ya adui ilipofika, akarudi nyuma, akajificha kivulini mwa mwezi. Mwanahawa akaganda. Mtego ule ni wake, na hakumfundisha mtu ila Chande.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nilimpikia akala, kisha akanigeuza fisi wa hadithi yake."

Chande akainamisha kichwa. "Nimeshindwa, dada. Nakupa mji."

"Mji gani, Chande? Yote umeshaichukua."

Kwenye kioo cha simu yakawaka maandishi: zamu yako. Mwanahawa akafumbata kifungo chake cha bluu, kile cha kwenye boksi.