Tiki Moja

Asubuhi hiyo Nsia alikuwa anakimbiza sura ya tano ya Mathayo, aweke tiki kwenye ratiba ya kanisani ya kusoma Biblia, awahi sokoni. Penseli haionekani.

"Mama Tiki, leo wenzako wanakupita!" mumewe akamtania.

Nsia akaacha kidole kwenye mstari asipotee, akasubiri watoto waitafute. Macho yakarudi pale kidole kilipo: uache sadaka, ukapatane kwanza na ndugu yako.

Sura hiyo ameshaiwekea tiki mara nne. Na dada yake Aikande hawajaongea tangu Nsia alipomfukuza kwenye msiba wa mama yao.

Penseli ilipoletwa, hakuipokea. Akachukua simu, akaandika: "Dada, nilikukosea. Nisamehe."

Mpaka jioni jibu hakuna. Pembeni ya ujumbe, tiki moja tu.