Mkono wa Taa

Siku hizi taa za kila nyumba huwashwa kwa neva za mtu wake mmoja. Kwetu ni mimi. Seli zangu zinasukuma chumvi nje ya kuta zake mchana kutwa, zikijijaza chaji; jioni nachomeka mkono wa kulia ukutani, taa zinaifyonza yote. Mkono umebaki na ganzi.

Jana binti yangu Mwanakheri alirudi kutoka shuleni amelegea. Nikamgusa paji la uso kwa mkono uleule, kwa mazoea.

"Huna homa, mwanangu."

"Mama, naungua."

Nikabadilisha mkono. Alikuwa anachemka.

Nilikuwa jikoni nikimkorogea uji taa zilipowaka zenyewe. Nikakimbia sebuleni. Alikuwa ameegemea ukuta, mkono wake mdogo umechomekwa.

"Wako upumzike, mama," alisema, "ili ujue ninapoumwa."