Agizo la Kuwatunza Wajane

Siku hizi kumtunza mtu ni kumpeleka Nyumba ya Wazee. Watoto wetu hawajui maana nyingine. Jumapili baada ya kula, mwanangu Rwegoshora alitusomea Maandiko, kwamba Mungu ameagiza wajane watunzwe. Uso ulimng'aa.

"Mama, gari linakuja kesho. Tumechelewa kulitii Neno."

"Mwanangu, zamani kutunza kulikuwa kukaa na mtu, kumpikia uji."

Mkwe wangu Kokubelwa akacheka. "Mama naye! Hiyo si kulea? Kwani wewe mtoto?"

Nikawauliza nani atapalilia kaburi la baba yao pale migombani. Wakanionea huruma, wakapiga magoti kuniombea nisishindane na Mungu. Walikuwa wanalia kweli. Walipomaliza wakanisubiri, nami nikasema amina.