Mkono Haujafika Sikioni

Wakubwa wa bustani ya michezo walikumbuka kupigwa picha langoni, lakini kusema mtoto wa umri gani apande bembea ya kuzunguka hawakukumbuka. Basi bawabu wa lango la bembea hiyo akawa anapima kwa kipimo cha zamani cha kuandikishia shule: mtoto apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili.

Mkono wa Mwanaidi uliishia kwenye nywele.

“Bado huyu, mzee. Mlete mwakani.”

“Mwakani mimi nitakuwa nabebwa, sibebi mtu,” alisema babu yake, Mzee Shekue. “Mama yake naye kasema tungoje. Kila mtu ananipangia kungoja. Kwani wewe uliyepewa lango, sikio unalifikia?”

Foleni ikacheka. Bawabu, mtu wa shingo nene, akavua kofia ili amalize ubishi. Sare ikambana kwapani. Vidole vikatambaa hadi utosini, vikakwama.

Mwanaidi akamwonea huruma.

“Inama kidogo, mjomba,” alimwambia. “Karibu unafika.”

Bawabu akainama. Mtoto akamsukuma kiwiko kwa mikono miwili, na nyuma yao lango lilikuwa wazi, bembea inapakia watu.