Mwanamke wa Nyuma ya Lori

Tangu asubuhi Wartini alikuwa ameng'arisha lori zima, isipokuwa uso wa yule mwanamke.

Haikuwa kazi ya mchezo. Lori lilikuwa limebeba mchanga wa mtoni miaka mingi, na mchanga wa mto unaoshuka kutoka mlima wa moto hauna huruma kwa rangi. Alitoa lami kwenye madigadi kwa mafuta ya taa, akachokoa tope kavu kwa msumari, akaosha kwa sabuni, akakausha. Kisha akaanza na dawa ya kung'arisha: tambara, dawa kidogo, duara juu ya duara, mpaka kichwa cha lori kilichopauka kikarudi kuwa cha manjano. Mabega yalimuuma. Hakupumzika.

Kesho ilikuwa arobaini ya mumewe, Giyanto, aliyefukiwa na ukingo wa mto akipakia mchanga. Baada ya dua, lori lingechukuliwa na Ngadimin, mdogo wake marehemu. Wageni wangekaa uani, lori likiwa mbele yao. Wangemtazama yule mwanamke, halafu wangemtazama yeye.

Mwanamke huyo alikuwa amechorwa kwenye ubao wa nyuma, kuanzia kifuani kwenda juu, kama wanavyochorwa wanawake kwenye malori yote ya bonde lile. Lakini wale wengine ni vipusa wa kubuni, wanakonyeza madereva. Huyu hakukonyeza. Alivaa kebaya, blauzi ya heshima, ya kijani, iliyofungwa mpaka shingoni, mkono mmoja ameunyoosha mbele, na kidevuni alikuwa na kidoti. Chini yake yaliandikwa maneno: KWA DUA YAKO NAFIKA.

Kilichomchoma Wartini ni kile kidoti. Mchoraji habuni kidoti. Kidoti kina mwenyewe.

Kila alfajiri, kabla ya kuwasha lori, Giyanto aliugusa ule mkono wa rangi, kisha akapeleka vidole usoni kwake mwenyewe. Wartini alimwona kupitia dirisha la jikoni. Alipomuuliza ni nani, alijibiwa kwamba huyo hali wala hanywi, amwache. Waligombana, wakanuniana mfungo mzima. Hakumtaja.

Na sasa mume amekufa, mjane hakuweza hata kumlilia. Kila machozi yalipomjia alimwona yule na kidoti chake, yakakauka.

Mama mkwe wake, Mbok Saminem, alitokea mlangoni akiwa na karatasi ya msasa mkononi. Tangu Wartini aolewe kutoka ng'ambo ya mlima, bibi huyo hakuwahi kumwita kwa jina. Wali wake ulikuwa bokoboko, pilipili yake haikuwasha, mimba yake ilichelewa. Hata siku ya mazishi alimwambia mbele za watu kwamba mume wa mke mwenye nyota njema hafukiwi na mchanga.

"Dawa yako haitamtoa huyo," alisema. "Sugua kwa huu."

Ngadimin, aliyekuwa kwenye benchi na kahawa yake, akacheka. "Pole pole, shemeji. Mke mwenza wako hana hata miguu ya kukukimbia." Halafu akaacha mzaha, akasema picha ile ndiyo inayolitambulisha lori mtoni, wapakiaji wamelizoea, na kwa vyovyote marehemu aliipenda. Aliomba iachwe.

"Wewe umepewa lori uendeshe, hukupewa mke," mama yake akamjibu. "Kunywa kahawa yako."

Wartini alishika msasa lakini mkono ulisita. Alitaka kwanza jina. Akamuuliza mama mkwe kama anamjua mwanamke huyu.

"Ninachojua amekaa kwenye lori la mwanangu bila haya." Mbok Saminem alichota maji kwenye ndoo, akayamwaga juu ya ubao. "Wewe huna wivu? Kesho watu watakula wali wako wakimwangalia yeye."

Hilo lilitosha. Wartini alianza na kebaya, akapanda shingoni. Rangi ilitoka shingo upande, kwanza unga, kisha uji wa kijani uliotiririka mpaka kwenye kandambili zake. Aliusugua ule mkono ulionyooshwa mpaka mbao ikaonekana. Akasugua mdomo. Macho yalikuwa mazito, mchoraji aliyapaka tabaka nyingi, na yaliendelea kumtazama hata yalipobaki vivuli. Mbok Saminem hakuondoka. Alimwaga maji, akakunja msasa mpya, akaonyesha kwa kidole palipobaki.

"Hapo, mwanangu. Kaza."

Mwanangu. Wartini hakugeuka, asije akaonekana amelisikia. Alifikiri kwamba labda uadui huisha hivi, watu wawili wakipata adui wa tatu. Akakaza.

Kidoti kilitoka mwisho. Alipaka ubao nta, akaufuta kwa tambara safi mpaka ukang'aa, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alimlilia mumewe, kwa kwikwi, paji la uso likiwa limeegemea lori lake.

Mbok Saminem alimwacha alie. Alikuwa akipitisha kiganja kwenye ubao mtupu, taratibu, kama anayekagua sahani iliyooshwa na mtu mwingine.

"Picha yake pekee niliitia motoni zamani," alisema. "Sikujua Giyanto alishaipeleka kwa mchoraji. Huyo mwanamke alikufa akimzaa Giyanto. Mimi nikaletwa humu, nikamlea, nikamwapisha asimtaje ndani ya nyumba yangu." Akajifuta mkono kwenye kanga. "Sasa mwanangu ana mama mmoja."