Ubawa wa Kanga

Kanga alijaliwa vifaranga wengi, nguchiro akawala wote isipokuwa mmoja. Kanga akamshukuru Mungu kwa huyo mmoja, na kila mtoto alipotetemeka alimfunika kwa ubawa wake.

Bata Mzinga, aliyependa kufundisha wenziwe, akamcheka. "Mama Kanga, unamdekeza huyo! Atakuja kuogopa hata kivuli chake."

"Kweli kabisa," akaitikia Kuku mmoja. Kuku wengine wakatazamana, wakaitikia vilevile, kisha wakabana mbawa zao vifaranga wao wasiingie. Kanga naye akajaribu kuubana wake, lakini mtoto akalia, moyo ukamshinda.

Asubuhi moja baada ya mvua, kumbikumbi wakaibuka nje ya ua. Vifaranga wa Kuku waling'ang'ania miguu ya mama zao, wakilia njaa. Wa Kanga alitoka mbio, akageuka mara moja kumtazama mama yake, akaenda mpaka kwenye kumbikumbi, akala akashiba.

"Kumbe haogopi!" akasema Bata Mzinga.

"Anaogopa sana, shangazi," akajibu Kanga. "Ila anajua pa kurudi."

Kuku mmoja akafungua ubawa. Wengine wakatazamana, wakafungua vilevile. Jioni ile, kwa rehema za Mungu, hakuna kifaranga aliyelia uani.