Kidole Gumba Kwenye Picha

Fundi alitandaza mezani picha zilizopigwa na kamera anayoibuni kwa ajili ya wazee, yenye kitufe kimoja kikubwa kama kizibo cha soda. Mke wangu ndiye aliyeijaribu wiki nzima, mimi nikiwa safarini, maana miguu yangu haijui kutulia.

"Ona, mzee. Karibu kila picha kidole gumba kimeziba pembeni."

Mimi niliona kwanza mke wangu. Picha zote ni yeye, anacheka mpaka macho yamefumba. Sijamchekesha hivyo miaka mingi.

Halafu nikakitazama kidole. Kinene, ukucha umepasuliwa katikati na nyundo. Ukucha huo naujua. Ni wa jirani yetu seremala, yule anayenipungia mkono kila nikirudi: "Karibu nyumbani, ndugu yangu, tulikukosa."

"Lenzi nitaipandisha juu," fundi akasema, "vidole visionekane tena. Au unasemaje?"

Nilizipanga picha taratibu, moja juu ya nyingine.

"Iache hapo hapo, mwanangu. Mpe mke wangu aijaribu wiki nyingine. Mwambie nimeshasafiri."